Risasi za zamani nilizookota shambani Nyangao: ni za Maji Maji au za vita vya Mjerumani na Mwingereza?

Korosho Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Nina shamba la mikorosho huku Nyangao, kando ya barabara ya Lindi kwenda Masasi. Msimu huu tumechimba mashimo ya miche mipya upande ambao haujawahi kulimwa sana, na vijana wakawa wanatoa vitu. Mwanzoni walikuwa wanatupa. Nilipoona nikawaambia wakusanye kwenye kopo.

Ninavyo vinne hapa mezani. Cha kwanza ni kirefu kama ncha ya kidole, kizito kuliko unavyotarajia, kina utando mweupe mweupe wa kijivu, mbele kimekatwa bapa, nyuma kuna kibonde kidogo. Cha pili kimepondeka vibaya, huwezi kujua kilikuwaje, ila rangi ni ileile. Cha tatu ni chembamba chenye ncha kali, rangi ya fedha iliyofifia. Cha nne ni gololi isiyo duara sawasawa, ina kijimkia upande mmoja.

Wazee wa hapa kila mmoja na lake. Huyu anasema Maji Maji, yule anasema vita ya Mjerumani na Mwingereza, mwingine anasema ni za wawindaji wa tembo. Picha nimeweka. Naombeni ujuzi, na siuzi kitu.

Chuma Chakavu

Mkuu hapo umekalia utajiri. Mjerumani alipokuwa anakimbia alizika mali, na risasi alizimwaga juu kama alama. Tafuta jiwe lenye mshale au mti mkubwa wa mwembe. Nicheki inbox nina mashine ya kupima ardhini, tunagawana nusu kwa nusu.

Mama Kishada

Kila uzi wa Mjerumani lazima atokee mtu na mashine. Mali za Mjerumani zimewafilisi watu wengi kuliko upatu.

Mwanzisha uzi, subiri Babu Gumegume apite. Huyo ndiyo ugonjwa wake.

Babu Gumegume

Nimefika. Korosho Mbichi, hongera kwa kutozitupa, na shukuru vijana wako hawakuzisugua kwa msasa.

Kabla sijasema lolote nataka vipimo. Picha inadanganya. Nenda kwa sonara yeyote Lindi mjini au Masasi, mwombe akupimie kila kimoja kwa mizani yake, mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Kisha nenda kwa fundi wa karakana mwenye kalipa, apime upana wa kitako kwa milimita. Chukua na sumaku, hata ya spika mbovu, uone ipi inavutwa.

Kuhusu ile iliyopondeka watu wengi hukata tamaa, na hapo ndipo uzito unapofanya kazi. Risasi ikigonga mti au mfupa inabadilika umbo, lakini haipotezi gramu nyingi isipokuwa imekatika. Umbo likipotea, mizani bado inakumbuka.

Na kama una shaka ni madini ya risasi kweli au chuma kilichooza, chukua bomba la sindano la mililita 10, toa ile fimbo ya kusukumia, ziba mdomo, weka maji nusu, tumbukiza. Kipande cha gramu 25 cha madini ya risasi kitapandisha maji kwa kama mililita 2.2. Chuma cha uzito huohuo kitapandisha zaidi ya 3. Hilo bomba usilitumie tena kwa mtu wala kwa ng'ombe.

Huo utando mweupe ni sumu. Nawa mikono kwa sabuni, watoto wasicheze nazo.

Mndengereko Halisi

Babu swali. Si tungeangalia tu huo weupe? Kadiri ulivyo mnene ndivyo risasi ilivyo ya zamani?

Babu Gumegume

Hapana mkuu. Weupe unategemea udongo. Kwenye mchanga unaopitisha maji na wenye chumvi, risasi inavaa ganda jeupe mapema. Kwenye mfinyanzi mkavu inaweza kukaa miaka mia ikawa na kijivu tu. Weupe unakuambia haikuangushwa mwezi uliopita, basi. Wauzaji wa vitu vya kale wanapenda sana kutaja miaka kwa kutazama rangi, nami ningeshauri mtu afunge pochi akisikia hivyo.

Korosho Mbichi

Wakuu nimerudi na vipimo. Sonara alicheka lakini akapima.

Ya kwanza: gramu 24.7, kitako milimita 11.2. Sumaku haivuti.
Ya pili (iliyopondeka): gramu 24.1. Upana haupimiki.
Ya tatu (ncha kali): gramu 11.2, milimita 7.9. Sumaku haivuti.
Ya nne (gololi): gramu 16.6, milimita 14 na kidogo, inategemea unapimia wapi. Sumaku haivuti.

Babu Gumegume

Asante, sasa tunaongea.

Ya kwanza. Madini ya risasi matupu, milimita 11 na ushee, karibu gramu 25. Hiyo ni ya bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 na ndugu yake ya 71/84. Ndizo zilizokuwa mikononi mwa askari wengi wa Mjerumani huku kwetu tangu anaingia mpaka vita ya 1914 inaanza, na baada ya hapo pia. Baruti yake ni ile nyeusi, yenye moshi. Risasi ilizungushiwa karatasi kabla ya kuwekwa kwenye ganda lake ili isiuchafue mtutu, na kile kibonde cha nyuma ndipo ncha ya karatasi ilipokunjwa. Kwa sababu ya karatasi hiyo, mistari ya mtutu haijichapi kwa kina. Igeuze kwenye mwanga wa jua la asubuhi, mwanga wa pembeni, utaona kama kuna mistari minne iliyolala kuelekea kulia. Ikiwepo, ilifyatuliwa. Isipokuwepo kabisa, iliangushwa na mtu akiwa na haraka, au ganda lake lilioza ikabaki yenyewe.

Sasa hiyo pua bapa. Mauser ya kwanza, ya 1871, unatia risasi moja moja. Ile ya 71/84 ina bomba chini ya mtutu, risasi zinapangwa zikifuatana, pua ya hii inagusa kitako cha ile ya mbele, penye fataki, kile kidude kinachowasha baruti. Pua ikiwa ya duara au ya ncha, bunduki ikitikisika inaweza kulipua fataki ya mwenzake ndani ya bomba. Ndiyo maana wakaikata pua. Kwa hiyo risasi yako imetengenezwa 1884 au baada ya hapo.

Ya pili, gramu 24.1, kwangu ni pacha wake. Ingekuwa ya bunduki ya Martini-Henry ya Mwingereza ingekaribia gramu 31, nayo upana wake haupishani sana na Mauser, ndiyo maana watu huzichanganya wakitegemea jicho. Ya Snider, bunduki nyingine ya Mwingereza, nayo ni gramu 31 hivi lakini nene zaidi, inavuka milimita 14, na kitako chake kina shimo refu. Hizo Snider ndizo walizopewa askari wa Sultani wa Unguja chini ya afisa Mwingereza Lloyd Mathews mwishoni mwa miaka ya 1870, kwa hiyo pwani msishangae kuziona.

Ya tatu ni .303, risasi ya bunduki ya Mwingereza, toleo la saba, lile la ncha kali. Gramu 11.3 zikiwa mpya. Ndani ni madini ya risasi, nje imevikwa shaba iliyochanganywa na nikeli, sumaku haina habari nayo. Ya Mjerumani ya Mauser 98 ni nene kidogo, milimita 8.2, gramu 10, na vazi lake ni chuma, sumaku inainasa. Sumaku ya spika imekutofautishia majeshi mawili bure. Toleo la saba lilianza kutumika 1910. Hiyo moja haiwezi kuwa ya Maji Maji, hata mzee akiapa.

Ya nne nitaijia.

Mndengereko Halisi

Kwa hiyo zile mbili za Mauser ni Maji Maji, hii ya Mwingereza ni vita ya kwanza ya dunia. Kesi imefungwa.

Babu Gumegume

Taratibu mkuu, hapo ndipo watu wanapoteleza.

Risasi inakutajia bunduki. Bunduki inakutajia mwaka ambao kabla yake haiwezekani. Mwaka wa mwisho hakuna anayekutajia, kwa sababu bunduki haizeeki kama shati.

Nyangao ni mahali pabaya kwa mtu anayetaka jibu rahisi, maana vita viwili vimepita palepale. Mwaka 1905 misheni ya Wabenedikti ya Nyangao ilishambuliwa na kuchomwa na wapiganaji wa Maji Maji. Askari wa Mjerumani waliokuja kuzima vita ile walibeba Mauser za milimita 11. Halafu Oktoba 15 hadi 18, 1917, ikapigwa hapohapo vita ya Mahiwa. Upande wa Mwingereza kulikuwa na brigedi ya Wanigeria na askari wa KAR (King's African Rifles) chini ya Jenerali Beves, upande wa Mjerumani makamanda von Lettow-Vorbeck na Wahle. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya waliokufa na kujeruhiwa, katika siku nne, ndani ya vichaka hivyo hivyo mnavyochimbia mashimo ya mikorosho.

Je, 1917 askari wa Mjerumani alikuwa bado ana Mauser ya 1871? Ndiyo. Meli ya Rubens ilileta bunduki mpya na risasi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, ikashambuliwa na manowari ya Waingereza, risasi zikaopolewa majini na kukaushwa, nyingi zikawa hazilipuki vizuri. Meli ya Marie ikaingia Sudi, hapo jirani yenu tu, Machi 1916, na shehena ikapandishwa bara kwa vichwa vya wapagazi. Lakini baada ya Mahiwa risasi za baruti isiyo na moshi zilikuwa zimekauka, akiba iliyobaki nyingi ni za Mauser za zamani. Mwezi uliofuata wakavuka Ruvuma, wakawapiga Wareno Ngomano tarehe 25 Novemba 1917, na kubadilisha silaha kwa kuchukua za Wareno.

Kwa hiyo risasi ya bunduki ya 1884 inaweza kuwa ilifyatuliwa 1905 au 1917, na ukiitazama peke yake juu ya meza hakuna mtaalamu duniani atakayekuambia ni ipi.

Kalenga Yetu

Babu naongezea la Iringa. Kwetu risasi za milimita 11 zinapatikana pia, na wageni hudhani kila moja ilitoka kwa Mjerumani. Lugalo, Agosti 17, 1891, Wahehe walimmaliza kamanda wa Mjerumani, Zelewski, na kikosi chake, wakachukua bunduki karibu 300 na risasi zake. Mjerumani alipokuja kuvunja boma la Kalenga Oktoba 1894, baadhi ya Mauser zilikuwa upande wa Mkwawa. Risasi haina kabila.

Babu Gumegume

Kalenga Yetu, umemaliza. Na Tanga ni hivyohivyo: Novemba 1914 Waingereza waliacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi laki kadhaa, Mjerumani akazitumia. Ukikuta .303 ya kuanzia 1915 usiseme moja kwa moja "hapa alisimama Mwingereza".

Mtu wa Taveta

Habari kutoka ng'ambo ya mpaka. Swali dogo kuhusu magololi. Sisi karibu na kilima cha Salaita tunaokota gololi zinazofanana sana, nyingine zina vibapa pembeni. Nimepima chache: milimita 12 na nusu hivi, gramu 11 kila moja, karibu zote sawa. Mzee mmoja anasema ni za bunduki za Waarabu wa misafara.

Babu Gumegume

Jaribu kuikwaruza kwa ukucha. Madini ya risasi matupu yanakubali ukucha. Hizo nadhani zitagoma.

Ni gololi za kombora la mzinga. Kombora lilijazwa gololi nyingi, linapasukia hewani na kuzimwaga juu ya watu. Lile la mzinga wa ratili 18 wa Waingereza lilibeba zaidi ya 300. Gololi 41 zilifanya ratili moja, piga hesabu utapata gramu 11 kila moja. Ziliongezewa madini ya antimoni ziwe ngumu, zisipondane mzinga unapolipuka, na vile vibapa ni alama za kubanana humo ndani. Salaita ilishambuliwa na Waafrika Kusini Februari 12, 1916 baada ya mizinga kuanza. Umepata uthibitisho wako kwenye ule usawa: zote saizi moja, uzito mmoja. Kiwanda hakina utani, gololi ya mtu wa msafara ingekuwa kila moja na ukubwa wake.

Lakini mkuu, palipo na gololi hizo pana na vichwa vya makombora. Ukiona chuma kizito chenye pete ya shaba kiunoni, usikiguse, usikigonge, weka alama mbali kidogo na uite polisi. Miaka mia haijaizuia baruti kulipuka.

Mtu wa Taveta

Nimejaribu ukucha. Haukwaruzi. Asante sana mzee.

Korosho Mbichi

Babu umeahidi gololi yangu.

Babu Gumegume

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayonisumbua.

Ina mkia, haina duara kamili, madini matupu. Imesubiwa kwenye kalibu ya mkono na mkia haukukatwa vizuri. Ni ya gobore. Mpaka hapo hakuna ubishi. Lakini ya lini?

Watu wanaona gololi wanafikiri karne ya 17, Wareno na Fort Jesus. Huku kwetu hesabu haiendi hivyo. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels. Pamoja na mambo ya biashara ya watumwa, mkataba ule ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara, ukaruhusu gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Maana yake, wakati Ulaya imeshasahau gololi, huku ndiyo zilikuwa silaha halali ya mwananchi. Wapiganaji wa Maji Maji waliokuwa na bunduki, wengi walikuwa na hizo. Na baada ya Maji Maji magobore hayakukoma. Mafundi wa vijijini wanatengeneza mpaka leo, wawindaji wanatumia, na madini wanapata kwenye betri mbovu za magari.

Kwa hiyo gololi yako inaweza kuwa ya mpiganaji wa 1905, ya mwindaji wa miaka ya 1950, au ya mtu aliyekuwa anafukuza ngedere kwenye shamba la babu yako. Maabara inaweza kupima mchanganyiko wa madini, na mabaki ya betri ya gari yakionekana, 1905 inaondoka. Kwa macho na mizani, mimi naishia kwenye neno "gobore".

Chuma Chakavu

Sasa mashine yangu haina kazi humu?

Babu Gumegume

Ina kazi kubwa tu, ukiitumia bila kuchimba. Thamani iko kwenye mahali kilipolala kitu kuliko kitu chenyewe. Maganda huanguka aliposimama mpigaji, risasi hulala ilikokuwa imeelekezwa. Ukipata maganda ya .303 kwenye mstari mmoja na risasi za Mauser zimetua palepale, umepata mtaro wa Mwingereza uliokuwa ukipigwa. Ukizizoa zote kwenye gunia, umebaki na vyuma vya kuuza kwa kilo. Na kuchimba kutafuta vitu vya kale kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mtu anayechimba shimo la mkorosho wake ni habari nyingine.

Korosho Mbichi, kwenye mashimo yajayo waambie vijana waangalie maganda ya shaba. Kitako cha ganda mara nyingi kina maandishi, na huko mwaka unaandikwa kabisa. Likiwa bado na risasi ndani, usilitoe kichwa. Risasi nzima ni suala la polisi, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina msamaha kwa wapenda historia.

Korosho Mbichi

Wakuu, nimepata! Ganda tupu, limepasuka ubavuni, lilikuwa shimo la tatu kutoka pale tulipotoa ile ya ncha kali. Nimelipiga mswaki laini na maji tu. Kitakoni limeandikwa K 16 VII.

Mama Kishada

Sijui hata inamaanisha nini lakini nimesisimka.

Babu Gumegume

K ni Kynoch, kiwanda cha Birmingham. 16 ni mwaka 1916. VII ni toleo la saba. Limetengenezwa Uingereza 1916, likavuka bahari, likafyatuliwa shambani kwako baada ya hapo. Kwa mahali hapo na mwaka huo, mimi naandika Mahiwa, Oktoba 1917, bila kigugumizi.

Zile mbili za Mauser, nipe kina na umbali. Zilitoka mashimo gani?

Korosho Mbichi

Iliyopondeka ilitoka shimo la jirani na ganda, kina cha kama goti. Ile yenye pua bapa ilitoka upande wa pili kabisa wa shamba, mteremko wa kuelekea misheni, karibu na gololi.

Babu Gumegume

Basi iliyopondeka iandike "Mauser ya milimita 11, yaelekea 1917". Ilitua kwenye mstari wa Waingereza. Ya pua bapa iandike "Mauser 71/84, 1905 au 1917", usiongeze neno. Upande wa misheni vita vyote viwili vilipita.

Kila moja mfuko wake wa plastiki na karatasi yenye namba ya shimo, kina, na alama ya mahali kutoka kwenye simu. Usizihifadhi kwenye sanduku la mbao wala boksi la karatasi, mvuke wa asidi humo ndani unaila risasi pole pole. Usizioshe kwa ndimu wala siki kwa sababu hiyohiyo. Ukiwa tayari, piga picha uwaandikie Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, au Makumbusho ya Maji Maji Songea. Wakija wasikute umeshafukia mashimo bila kuweka alama.

Korosho Mbichi

Nimeelewa Babu. Nimeshapigilia vigingi vyenye namba za mashimo, miche itasubiri wiki. Yule mzee wa Maji Maji nimemwambia ana nusu ya ukweli, amesema hiyo nusu ndiyo kubwa.

Ruaha Mkuu

Wakuu nami ninayo moja kutoka Kilosa, gramu 14.6, pua ya duara, sumaku inavuta kidogo…

Mama Kishada

Fungua uzi wako mkuu, na uje na kalipa.